Butembo inajua kusafiri kununua. Sasa ijifunze kusafiri kuuza

Kila mara mbunifu wa mavazi wa Butembo au Beni anaporudi kutoka maonyesho ya biashara ya Kampala, Nairobi au Kinshasa, simu za watu mjini hujaa picha. Anaonekana na beji shingoni, amesimama mbele ya meza yenye vikwembe vilivyoshonwa vizuri, na pembeni yake wageni wanatabasamu. Watu wanampongeza, na anastahili, kwa sababu kufika huko si kazi nyepesi kwa mtu anayetoka upande huu wa Kongo. Lakini kuna swali ambalo watu hawaliulizi. Baada ya picha, kimerudi nini? Amepata komande ngapi? Mwezi ujao ni mashine ngapi za kushona zitapata kazi kwa sababu ya safari ile?

Swali hilo haliwahusu wabunifu peke yao. Linamhusu pia mama aliyekimbia Eringeti, Mangina au Kanyabayonga, akapokelewa na familia ya Butembo au Beni, kisha akafundishwa kushona kwa miezi michache. Huyo mama hatapanda ndege wala basi kwenda kwenye maonyesho. Lakini yule anayesafiri akijua kazi yake, mkono wa huyo mama unaweza kufika sokoni Kampala au Dar es Salaam.

Mji wa wasafiri

Watu wa Butembo hawahitaji kufundishwa kusafiri. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wao wamekwenda Kampala, Nairobi, Dubai na Guangzhou, na wengine Hong Kong na Jakarta. Wanajua maonyesho makubwa ya Canton, yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957. Wanajua kuungana watu kadhaa ili kujaza kontena moja, kuliteremsha Mombasa, kulipitisha Kampala na kuliingiza kwa mpaka wa Kasindi. Hivyo ndivyo mji usio na bandari, usio na reli, na ambao serikali imeusahau mara nyingi, ulivyokuwa kati ya masoko makubwa ya mashariki ya Kongo.

Lakini sehemu kubwa ya safari hizo ni za kununua. Maonyesho ya Canton yalianzishwa na Wachina ili wauze bidhaa zao kwa dunia. Mfanyabiashara wa Butembo anaingia mle akiwa mteja, na anatoka na pikipiki, vipuri, simu, mabati, vikwembe na nguo zilizokwisha kushonwa. Hakuna ubaya katika hilo, mji umeishi kwa kazi hiyo. Ila mshonaji wa komini ya Kimemi au ya Bulengera anajua upande wa pili wa hesabu. Kontena lile lile linalolisha soko kuu ndilo linaloleta shati linalouzwa kwa bei ambayo yeye hawezi hata kununulia kitambaa. Nguo za mitumba zinazofika kwa balo zinamaliza kazi iliyobaki.

Kwa hiyo mbunifu anayekwenda kwenye maonyesho na kazi ya mikono yake anafanya jambo ambalo mji huu bado haujalizoea. Anasafiri kuuza. Safari ya namna hiyo ina kanuni zake, tofauti na zile za mnunuzi. Asiyezijua atarudi na sifa tu, na sifa hazilipi kodi ya atelie.

Mafunzo yapo, komande hazipo

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yamezifukuza familia nyingi kutoka vijiji vyao. Mwishoni mwa Juni 2024 vita vilipoingia Kanyabayonga na kupanda kusini mwa wilaya ya Lubero, wengine wengi walichukua barabara ya kwenda Lubero, Butembo na Beni. Wengi hawako katika kambi. Wako ndani ya nyumba za watu, familia mbili au tatu chini ya bati moja, wakila chakula kilichopikwa kwa ajili ya familia moja.

Mashirika yalipouliza akina mama na wasichana wanataka kazi gani, jibu moja lililorudi mara nyingi lilikuwa ushonaji. Ni jibu lenye akili. Shamba limebaki nyuma, lakini mashine ya kushona inaweza kufanya kazi katika kona ya chumba, mtoto akiwa mgongoni. Kwa hiyo vituo vikafunguliwa, mafunzo yakatolewa, na siku ya mwisho mashine, makasi na metre vikagawanywa mbele ya wakubwa.

Baada ya hapo shida inaanza. Wanafunzi wote wamefundishwa kushona vitu vile vile: sare za shule, sketi, nguo za harusi na za matanga. Wote wanatafuta wateja wale wale, katika mji ambao wateja wenyewe wamekuwa maskini kwa sababu ya vita vile vile. Mwezi wa Septemba kazi inapatikana kwa ajili ya shule. Mwezi wa Desemba inapatikana kidogo kwa ajili ya sikukuu. Katikati, mashine inakaa kimya. Mtoto akiugua, mashine inauzwa. Kisha mradi mwingine unakuja kufundisha kundi jingine.

Mama huyo anajua kushona. Anachokosa ni mtu wa mbali anayemwambia: nataka mikoba 200 ya namna hii, kwa bei hii, kabla ya tarehe hii. Mtu huyo haji Beni kutembea. Anapatikana kwenye maonyesho, na ndiyo maana safari ya mbunifu ni jambo la watu wengi.

Chema hakijiuzi peke yake

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa katika kijiji ambako watu wote wanapita mbele ya mlango wa fundi. Kwa Butembo na Beni haifai. Huku chema kisipojitembeza, hakuna atakayejua kwamba kipo.

Watu wa Beni wana ushahidi karibu. Kakao yao imekuwa ikiondoka kwa magunia, ikiwa punje tu, na sehemu kubwa inavuka kwenda Uganda bila hata jina la Beni kuandikwa juu yake. Lakini huko Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kilianzishwa kiwanda kidogo cha chokoleti ya Virunga, kwa msaada wa fundi wa chokoleti wa Ubelgiji, Dominique Persoone. Kakao ni ile ile ya wakulima wa Beni. Kilichobadilika ni kwamba mtu anayejua soko la mbali alisaidia kuitengeneza kama soko lile linavyotaka, na akaipeleka huko ikiwa na jina la mahali ilipotoka.

Kwa nguo na mikoba pia njia ipo. Huko Nairobi, tangu mwaka 2010 hivi, mafundi wa mitaa ya maskini walishona mikoba ya mbunifu wa Uingereza, Vivienne Westwood, kupitia mpango wa mitindo wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, nalo lilianzisha jina la biashara MADE51, ambalo limepeleka kazi za mikono za wakimbizi hadi maonyesho ya Ambiente huko Frankfurt, Ujerumani. Kote kuwili, fundi hakuachwa atafute mteja wa mbali yeye mwenyewe. Kulikuwa na mtu katikati, anayeijua lugha ya mnunuzi na kuijua mikono ya fundi. Kwa Butembo na Beni, mbunifu anaweza kuwa mtu huyo.

Mnunuzi anauliza nini

Wengi wanaokwenda mara ya kwanza wanafikiri maonyesho ni mashindano ya uzuri. Wanachukua gauni moja lililowagharimu wiki tatu, wanalitundika, watu wanalipiga picha, na siku ya mwisho wanalikunja na kulirudisha. Mnunuzi wa kweli, yule mwenye duka, anapita mbele ya meza kwa dakika tano. Anashika mshono, anageuza nguo ndani nje, kisha anauliza maswali yanayofanana kila mahali.

Unaweza kutengeneza ngapi kwa mwezi? Unazo saizi zote? Rangi hii nitaipata tena baada ya miezi mitatu, au kikwembe hiki kimekwisha sokoni? Bei ya kipande kimoja ni ngapi, na bei ya vipande 100 ni ngapi? Nani analipa usafiri mpaka Kampala? Unataka malipo ya mwanzo kiasi gani? Nikituma komande leo, mzigo utafika lini?

Mbunifu anayefanya kazi peke yake hawezi kujibu. Chukua mfano mwepesi. Fundi mmoja akimaliza mikoba minne kwa siku, mikoba 200 inamchukua siku 50. Mnunuzi hawezi kungoja siku 50. Lakini mafundi kumi wenye mkono ule ule wanaimaliza kwa siku tano. Hapo ndipo akina mama waliokimbia vita, waliofundishwa na wenye mashine zilizolala, wanakuwa nguvu ya mbunifu. Yeye anawahitaji kama wao wanavyomhitaji.

Ila ni lazima mikono ifanane. Mkoba wa kwanza na wa mia mbili viwe na kipimo kimoja, mshono mmoja, zipu ya aina moja. Kazi hiyo inafanyika kabla ya safari, katika atelie ya Butembo au ya Oicha, siyo kwenye meza ya maonyesho. Mbunifu aende na mfano wa kazi ambayo kundi lake lote limekwisha kuijaribu, akiwa na karatasi ya bei aliyoihesabu vizuri: kitambaa, uzi, umeme au mafuta ya jenereta, malipo ya kila fundi, usafiri, kodi za barabarani na za mpaka. Anayetaja bei bila hesabu hiyo atapata komande itakayomfilisi.

Kampala kabla ya Paris

Kuna wanaoota Paris au Milano, na kuota si kosa. Lakini viza ya Ulaya inaombwa Kinshasa, na Kinshasa iko mbali na Beni zaidi ya kilometa 1,600 kwa ndege, bila barabara ya kuaminika kati yake. Tangu Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, safari hiyo imekuwa ngumu zaidi. Mtu anaweza kutumia akiba ya mwaka mzima kwa tiketi, hoteli na karatasi, kisha akapewa jibu la hapana.

Pasipoti yenyewe imekuwa kizuizi. Ile iliyotolewa kuanzia mwaka 2015 iligharimu dola 185, fedha ambazo mshonaji wa kawaida hazioni kwa pamoja. Bei ilishushwa baadaye, lakini kwa watu wengi kuipata bado ni safari ya kwanza kabla ya safari.

Mashariki mlango uko wazi zaidi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya na Tanzania zilifuta viza kwa Wakongomani mwaka 2023, na Uganda ikafuata mwanzoni mwa 2024. Barabara ya kutoka Beni hadi Kasindi ni ya kilometa 80 hivi, na ng'ambo ya daraja kuna basi la Kampala. Katika Jumuiya kuna maonyesho ya kila mwaka ya mafundi na wafanyabiashara wadogo, yanayohama kutoka nchi moja hadi nyingine. Dar es Salaam kuna Saba Saba, kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai, na kuna Swahili Fashion Week, iliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali mwaka 2008. Huko kote mshonaji wa Butembo anaongea na mteja kwa Kiswahili, bila mkalimani. Huko Paris angehitaji Kifaransa cha biashara, na Guangzhou angehitaji mtu wa kumsemea. Faida hiyo ya lugha mara nyingi watu hawaihesabu.

Barabara hiyo nayo ina hatari zake, na kila familia ya huku inajua majina ya vijiji ambako watu walianguka. Hakuna anayepaswa kumsukuma mtu apite siku ambayo madereva wenyewe wamesimama. Lakini siku zinazopitika zisipotee kwa kukosa karatasi au kukosa maandalizi.

Na vita je?

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuongea mitindo. Watu wanazikwa, watoto wanalala njaa, na ninyi mnazungumzia magauni? Lawama hiyo ina uzito, na inatoka kwa watu waliofiwa. Msaada wa chakula, dawa na ulinzi unabaki wa kwanza. Lakini familia nyingine za Beni zimekaa ugenini mwaka baada ya mwaka tangu 2014. Mtu hawezi kuishi miaka hiyo yote kwa kungoja mgao. Anayepata kazi ya malipo anasaidia pia familia iliyompokea, na mvutano ndani ya nyumba unapungua.

Kuna lawama nyingine yenye ukweli zaidi: kwamba wanaosafiri ni sura zile zile. Semina ya Nairobi, mkutano wa Kigali, warsha ya Kinshasa, jina ni moja, perdiemu ni ile ile, na wanaobaki hawasikii hata walichoongea huko. Mbaya zaidi ni pale picha ya mama mkimbizi inapobandikwa juu ya meza ya maonyesho ili wageni wasikitike na kununua, wakati mama huyo hakuulizwa wala hakulipwa. Kazi yake iuzwe kwa sababu ni nzuri. Jina lake litajwe kama ametaka litajwe. Huzuni yake si kitambaa cha kupambia stendi.

Jambo hilo linagusa jina la eneo lote. Wengi duniani wanajua Beni na Butembo kwa mauaji, au kwa Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mkoba ulioshonwa vizuri, wenye lebo ndogo iliyoandikwa Beni, unampa mgeni jambo jingine la kukumbuka.

Wengine watasema intaneti imeondoa haja ya kusafiri. Watamtaja Anifa Mvuemba, mbunifu mwenye wazazi Wakongomani anayeishi Marekani, ambaye Mei 2020, wakati dunia imefungwa na korona, alionyesha mavazi yake kwenye Instagram, yakitembea bila mwanamitindo ndani yake. Mkusanyiko ule aliuita Pink Label Congo, na alianza kwa kuwaeleza watazamaji shida za Kongo na migodi ya koltani. Ni mfano mzuri, na kijana mwenye simu nzuri ausome. Lakini Mvuemba alikuwa tayari na wateja, na alikuwa na njia ya kuwatumia mizigo. Anayeanzia Butembo bado anahitaji kumpa mnunuzi nguo mkononi na kumtazama machoni. Baada ya hapo simu itafanya kazi iliyobaki.

Kila mmoja na sehemu yake

Mbunifu anayesafiri aende kwa niaba ya kundi, na kabla ya kuondoka kundi lijue anabeba kazi ya nani na faida itagawanywa vipi. Akirudi, asimame mbele yao, au hata mbele ya kipaza sauti cha redio, aseme: nilikutana na wanunuzi hawa, walikataa hiki kwa sababu hii, walitaka hiki, komande ni hizi. Hata akirudi bila komande, sababu za kukataliwa ni mali ya wote.

Mashirika yanayosaidia waliohama yapunguze mafunzo ya kumi ya ushonaji, na fedha hizo zilipie meza moja kwenye maonyesho ya Jumuiya na kitambaa cha komande ya kwanza. Mashine iliyogawanywa bila soko huishia kuuzwa.

Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lina watu waliozoea njia ya Mombasa na Guangzhou kwa miaka mingi. Wao wanajua kujaza kontena na kuongea na watu wa forodha. Malori yanayokuja yamejaa hayakosi nafasi ya mabunda ya mikoba yanaporudi Kampala. Mfanyabiashara mmoja akimchukua mbunifu mmoja chini ya bawa lake, atamwepusha na makosa ya miaka mitano.

Serikali ya jimbo, ambayo sasa ina ofisi zake Beni, haiombwi bajeti kubwa. Inaombwa pasipoti zipatikane karibu bila malipo ya chini ya meza, na sampuli zinazokwenda kwenye maonyesho na kurudi zisitozwe Kasindi kama bidhaa mpya. Hati fupi, iliyobandikwa ukutani mpakani kwa Kiswahili, ingetosha kuanza.

Na wakaaji wa Butembo na Beni nao wana sehemu yao. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiuliza nani tayari anavaa kazi hii, jibu linapaswa kuwa: watu wa kwetu. Arusi inayokuja, sare ya kwaya, mkoba wa mtoto wa shule, vyote vinaweza kuanzia kwa fundi wa jirani. Komande ya kwanza ya mama aliyekimbia Kanyabayonga haihitaji kungoja maonyesho ya mwakani.